Bibi Harusi, Karani na Lifti ya Nyuma

"Usiguse kitu, Bi Zulma," alisema Wilmar. "Leo tunaiacha ifanye kazi yenyewe."

Zulma Techera aliiweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Simu ya mezani mbele yake ilikuwa imenyamaza. Tangu asubuhi wapigaji wote walikuwa wakielekezwa kwenye skrini ya kushoto. Humo sauti tamu ya kike iliwapokea, ikawauliza wako wapi, ikamtafuta fundi aliye karibu na kumtumia anwani. Kazi hiyo Zulma ameifanya miaka thelathini na mmoja, kwa kalamu, vikaratasi, na ubao wenye misumari mia mbili na kumi na miwili, kila msumari jengo moja la Montevideo.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya tano ya majaribio. Wilmar Bentancor, aliyeirithi kampuni ya kutengeneza lifti kutoka kwa baba yake, alikuwa amechoka na vikaratasi. Alimwajiri mhandisi mmoja, Lucía Arrillaga, amlinganishie majukwaa matatu ya kuundia programu kwa haraka. Kwenye majukwaa hayo mtu haandiki amri mstari kwa mstari. Anaburuta visanduku kwenye skrini, anaviunganisha kwa mishale, na kabla ya chakula cha mchana ana programu inayofanya kazi. Lucía aliunda programu ileile mara tatu, mara moja katika kila jukwaa, na wiki nzima kila lifti iliyoharibika iliingizwa katika yote matatu.

Majina halisi ya majukwaa hayo yalikuwa marefu na hayatamkiki, kwa hiyo Zulma aliyabatiza siku ya kwanza. La kushoto, lenye rangi nzuri na sauti ya kupokea simu, alilipa jina la Bibi Harusi. La katikati, la kijivu, lisilo na urembo wowote, akaliita Karani. La kulia akaliita Daktari Bingwa, kwa sababu lilijua mambo mengi, ila kila ulipotaka kulibadilisha kidogo ilibidi uombe miadi kwa wataalamu wake.

"Ijumaa jioni utaniambia wewe lipi," Wilmar alikuwa amemwambia Jumatatu. Hakumficha kitu. Bibi Harusi akishinda, meza ya simu inaondoka.

"Kwa hiyo nichague kisu cha kunichinjia."

"Nataka uchague kwa haki. Hapa ndani ni wewe tu usiyeniogopa."

"Nikuogope, nami nimekufuta kamasi hapa hapa ofisini? Sawa. Nitachagua kwa haki."

Na kweli alikusudia hivyo. Zulma ana majivuno yake, lakini hajawahi kudanganya kuhusu kazi. Kila siku alijaza daftari: lipi limechelewa, lipi limekosea mtaa, lipi mafundi wamelitukana. Kufikia Alhamisi Bibi Harusi alikuwa akiongoza waziwazi, na Zulma aliandika hivyo kwa mwandiko uleule mzuri, ingawa usiku huo alilala vibaya.

Saa nne na nusu ile Ijumaa, umeme ulikatika mtaa mzima wa Pocitos. Walionasa kwenye lifti wakaanza kupiga. Simu kumi na nne katika dakika tisa! Siku nyingine Zulma angekuwa amesimama, simu begani, kalamu mdomoni, akimpigia kelele fundi mmoja huku akimbembeleza ajuza aliyenasa ghorofa ya tano na mbwa wake. Leo alikaa. Bibi Harusi akawapokea wote kwa pamoja, bila kupaza sauti, akawapangia mafundi njia fupi kuliko zote. Umeme ulirudi. Kwenye skrini mstari mmoja baada ya mwingine uligeuka kijani. Kufikia saa tano na dakika kumi hakukuwa na mwekundu hata mmoja.

Wilmar alipiga makofi. "Umeona hiyo? Umeona? Lucía, nenda pale kona, niletee vikeki vya siagi, kilo nzima!"

"Nenda mwenyewe, bosi, mimi ni mhandisi," alisema Lucía akicheka, na Wilmar akaenda mwenyewe.

Zulma alijimiminia maji ya moto kwenye kibuyu chake cha mate, chai ya majani machungu ya Uruguay, akanyonya kwa mrija taratibu. Kipya kinyemi, alijiambia, lakini hakuweza kuimalizia methali. Hiki hakikuwa kidonda. Kilikuwa kimefanya kazi vizuri kuliko yeye, na aliumia moyoni kukiri. Alivaa miwani akaanza kuisoma orodha kutoka juu, si kwa kutafuta kosa, ni mazoea tu ya mtu anayefunga kazi ya asubuhi. Kwenye mstari wa sita kidole chake kilisimama.

"Binti yangu, hii namba mbili ndogo hapa ni ya nini? Jengo la Ibirapitá."

Lucía aliinama kutazama. "Simu mbili kutoka jengo moja. Imetambua ni tatizo moja, ikaziunganisha. Watu wakinasa hupiga mara mbili mbili, si unajua? Ina akili."

"Ibirapitá kuna lifti mbili."

"Kwenye orodha kuna moja."

"Nifungulie simu ya pili niisikie."

Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wakili, mkali, akidai atashtaki kampuni. Huyo alitolewa saa tano kasorobo. Ya pili ilikuwa ya mwanamke, sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua. Alisema yuko kwenye lifti ya nyuma, kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Bibi Harusi alimshukuru kwa utamu uleule, akamwambia fundi yuko njiani. Baadaye alimtumia ujumbe: *Tatizo limetatuliwa. Siku njema.*

Zulma alinyakua simu ya mezani, akapiga namba ya yule mwanamke. Wilmar ndiyo kwanza alikuwa akiingia na vikeki.

"Haloo?"

"Mimi Zulma, wa kampuni ya lifti. Bado uko ndani?"

"Bado, mama. Lakini nimeletewa ujumbe kwamba imeshatengenezwa. Nikadhani labda kuna kitufe cha kubonyeza mimi sikijui. Nimevibonyeza vyote."

"Mbona hukupiga tena?"

"Wamesema imetatuliwa," alisema yule mwanamke. "Nikaona nikipiga nitawasumbua bure."

Zulma alifumba macho kidogo. "Unaitwa nani?"

"Nafanya kazi kwa familia ya Etcheverry, ghorofa ya nane."

"Sijauliza unafanya kazi wapi. Wewe unaitwa nani?"

"Mirna."

"Mirna, keti chini, egemea ukuta, na mlango usiushike. Kuna hewa?"

"Ipo, kidogo. Nina kapu la mashuka niliyofua, nilikuwa nayapeleka juu kuyaanika. Kwa joto la humu, yatakauka yenyewe."

"Basi umeokoa vibanio," alisema Zulma, na kwa mara ya kwanza yule mwanamke akacheka. Huku akicheka naye, Zulma alikuwa ameshaandika karatasi kwa mkono wa kushoto na kumsukumia Lucía: *Mpigie Kipara. Arudi Ibirapitá. Ya nyuma.* Kipara, fundi mkongwe kuliko wote, alikuwa mitaa sita tu kutoka hapo. Alifika baada ya dakika kumi na mbili, na zote hizo Zulma hakukata simu. Walizungumza juu ya Artigas, alikotoka Mirna, na juu ya binti yake anayesomea uuguzi. Mwisho ukasikika mlio wa chuma, sauti ya Kipara ikitukana lifti kwa upendo, na Mirna akasema, "Asante mama, niache niwahi, mashuka yananuka." Akapanda ngazi kwa miguu na kapu lake.

Vikeki vilibaki kwenye mfuko. Wilmar alikaa kwenye ukingo wa meza. "Karibu saa nzima," alisema. "Na mimi hapa napiga makofi."

"Bibi Harusi ameanguka basi," alisema Lucía kwa unyonge.

Zulma angeweza kunyamaza hapo. Ushindi ulikuwa umemwangukia mapajani, na meza yake imepona. Lakini alivuta kiti hadi kwenye skrini ya katikati, akaitazama Ibirapitá ya Karani. Lifti moja. Akatazama kwa Daktari Bingwa. Moja.

"Wote watatu wamekosea," alisema. "Orodha ya majengo walipewa na nani?"

Lucía aliifungua orodha kwenye skrini.

"Na mimi. Niliichapa mwenyewe, kwa vidole hivi. Jengo moja, msumari mmoja. Miaka yote hii ile lifti ya nyuma, ya watumishi, naijua kichwani, sikuwahi kuiandika, kwa sababu hakuna mwenye nyumba anayepiga simu kwa ajili yake." Uso ulimwaka kwa aibu, na hakuuficha. "Usimlaumu bibi harusi kwa nguo aliyovalishwa."

"Sasa tunalinganisha nini?" aliuliza Wilmar.

"Muda. Si umesema ni majukwaa ya haraka? Basi haraka ni hii: kosa tumelijua sasa hivi, lipi linakubali kurekebishwa sasa hivi? Lucía, jaribu kwa hao wawili. Mimi nipo hapa kwa Karani."

Lucía alijaribu. Sehemu ya sauti ya Bibi Harusi ilikuwa imefungwa na watengenezaji wake, haibadilishwi ila kwa maombi, wiki mbili. Daktari Bingwa alitoa miadi ya Jumatano. Zulma, ulimi ukiwa umebanwa pembeni mwa mdomo, aliburuta kisanduku kimoja chini ya jengo, akakiandika *lifti ipi*, akakiunganisha kwa mshale, akakosea, akaufuta, akauliza swali moja, akaunganisha tena. Aliongeza na kisanduku cha jina, la aliye ndani, si la mwenye nyumba. Dakika kumi na tisa.

"Hili," alisema, akivua miwani.

"Karani hapokei simu, Bi Zulma."

"Hapokei. Simu nitapokea mimi, na nikiondoka utamweka mwingine kwenye kiti hiki, mtu mwenye masikio. Uliniambia nichague kwa haki, nimechagua. Kama hutaki, nunua Bibi Harusi, nami nitakupongeza harusini."

Wilmar alimtazama, akatazama ubao wa misumari, akaupasua mfuko wa vikeki. "Mwaka mmoja," alisema. "Tuone." Akaanza na kikubwa kuliko vyote.

Hapo kazi ndiyo ikaanza, kwa maana hakuna aliyejua majengo mia mbili na kumi na moja yaliyobaki yana lifti ngapi za kweli. Zulma alinyanyua simu, akaanza na mabawabu wa barabara ya Ellauri, namba kwa namba. Wa kwanza alikuwa Olivera, aliyekaa mlango uleule miaka ishirini.

"Olivera, nina swali la kijinga. Hapo mna lifti ngapi?"

"Moja, bibi wee. Umesahau? Yenye kioo."

"Wewe ukipeleka barua juu, unapanda hiyo yenye kioo?"

Upande wa pili lilisikika gari likipita mtaani, na mtu akisalimia mlangoni.

"Hapana," alisema Olivera. "Mimi napanda ile nyingine."

Zulma aliandika mbili, akaenda namba inayofuata.