Madawati Mawili ya Cherehani

Darasa la nne lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja na madawati arobaini na mawili. Hesabu hiyo ilimkera Mwalimu Mazoezi, kijana wa chuo aliyeletwa pale kwa wiki chache ajifunze kufundisha, na aliyekuja na suruali yenye pasi kali pamoja na daftari lililopigwa mistari kwa rangi tatu. Dawati la ziada lilikaa nyuma, karibu na mlango, limepinda upande kama mgeni asiyejua aage vipi.

Lilikuwa la Cherehani. Na lile la mbele, dirishani, nalo lilikuwa la Cherehani.

Msichana huyo alipewa jina hilo kwa sababu ya mguu wake wa kulia, ambao tangu kengele ya asubuhi ulipiga sakafu tiki-tiki-tiki, utadhani kuna gauni la harusi linasubiriwa. Akili alikuwa nayo ya kuwagawia wenzake. Lakini akianza hesabu anasikia ndege nje, akimfuata ndege anakumbuka kalamu, akiitafuta kalamu anaikuta sikioni mwake, na hesabu imeshakwenda zake. Daktari aliandika herufi nne, ADHD, akaeleza kuwa si utundu wala ukaidi. Ni ubongo unaopokea mambo kumi kwa mpigo na kushindwa kuchagua lianze lipi.

Mkuu wa shule aliisoma barua hiyo ya daktari, akaikunja. Alichojua yeye ni kwamba mtoto huyo hajawahi kumaliza karatasi hata moja ya mtihani. Akishindwa kuumaliza na huu wa hesabu wa Ijumaa, atarudishwa darasa la tatu. Na darasa la tatu kulikuwa na mdogo wake.

"Aje tu," mdogo mtu alitangaza uwanjani. "Ila itabidi aniite kaka."

Cherehani alicheka na wenzake, kisha akaenda kujifungia chooni mpaka mapumziko yakaisha.

Mwalimu wa darasa la nne walimwita Raba, kwa viatu vyake vya mpira, maana kiti chake kilikuwa pambo tu. Mazoezi alikuwa na nadharia. Raba alikuwa na mkasi. Karatasi ya maswali ishirini aliikata vipande vinne. Cherehani alifanya maswali matano dirishani, akainuka bila kuomba ruhusa, akatembea hadi dawati la mlangoni, akafanya matano mengine, akarudi.

"Miguu nimeiruhusu," Raba alimwambia siku ya kwanza. "Mdomo sijauruhusu. Tumeelewana, mwanangu?"

Mtoto akipotelea kwenye mawazo, Raba hakuita jina. Alipita tu, akagusa kona ya dawati kwa kidole, na kalamu ikaanza kwenda tena. Hakuna mwenzake aliyejua kilichotokea. Siku moja Mazoezi alihesabu: Raba aligusa kona ile mara ishirini na sita katika kipindi kimoja, bila kukunja uso hata mara moja, huku akiwafundisha kugawanya wale wengine arobaini. Mazoezi mwenyewe alikuwa akiumwa kichwa kwa kukumbuka majina tu.

"Mwalimu, kwani huchoki?"

"Nachoka, tena sana. Nikifika nyumbani mume wangu ananisalimia mara tatu ndipo nigundue yupo."

Ijumaa, Mkuu akasema atausimamia mtihani yeye mwenyewe. Hapo kiherehere kikampanda Mazoezi. Alifika kabla ya watu wote, akafagia, akanyoosha mistari ya madawati kama gwaride, na lile la ziada akalibeba mgongoni hadi stoo. Mahali pake akaweka meza ndogo yenye kitambaa, kiti, na kikombe cha chai kwa ajili ya Mkuu. Akarudi nyuma hatua mbili, akajisifu moyoni.

Raba aliingia Mkuu akiwa ameshaketi. Aliitazama ile meza, akamtazama Mazoezi, nyusi zikapanda mpaka kwenye kilemba. Karatasi zilikuwa zimeshagawiwa, ya Cherehani ikiwa vile vipande vinne alivyovikata Raba jana yake.

Ndipo Mazoezi alipokumbuka dawati lile lilikuwa la nani. Jasho likamshuka hadi soksi.

Cherehani alimaliza matano ya kwanza. Akainuka. Akatembea, macho kwenye karatasi, mpaka goti likagonga meza ya Mkuu. Chai ikaruka.

"Unataka nini?" Mkuu akauliza.

 Mtoto alisimama na kipande chake cha pili mkononi, akihema haraka. Darasa zima likageuka. Raba alifungua mdomo, lakini Mazoezi alikuwa ameshasimama.

"Mkuu, kosa ni langu. Hapo ulipokaa ni pake. Mimi ndiye niliyeliondoa dawati lake, nilitaka darasa lipendeze."

"Mtihani unafanywa kwa kukaa," Mkuu alisema.

"Unafanywa kwa kunyamaza, Mkuu," Raba akasema polepole. "Na tangu tuanze, waliozungumza ni sisi watatu."

Mkuu alimtazama mtoto, akatazama saa ya ukutani. Kisha akasogeza kiwiko.

Cherehani akaiweka karatasi juu ya kitambaa, akaandika akiwa amesimama, mguu ukipiga mguu wa meza. Matano yakaisha. Akarudi dirishani. Katikati ya kundi la tatu alikwama, akaanza kumtazama nzi. Raba akapita, akagusa kona, nzi akaachwa. Alipoinuka kwa mara ya mwisho, Mkuu alikuwa ameshaondoa kikombe mezani na kufuta chai iliyomwagika kwa leso yake.

Kengele ilipolia, Cherehani alikuwa amejibu yote ishirini, na alikuwa anakagua.

Raba alisahihisha palepale, Mkuu akiwa amesimama begani kwake. Kumi na sita.

"La kumi na saba nilimwona anakosea," Mkuu alisema, kama mtu aliyeibiwa. "Alibeba moja akaisahau. Mwalimu, hata sijui nilijizuiaje."

"Kwa hiyo, Mkuu?"

"Abaki la nne. Mpigie mama yake."

Mama mtu alikuwa muuguzi, na aliipokea simu akiwa kazini. Raba alimwambia kwa maneno mawili. Mazoezi, aliyesimama kando, alisikia sauti ya yule mama ikiita kwa nguvu zote, "Jamani, kamaliza! Mwanangu kamaliza!" na wodi nzima ya wagonjwa ikipiga makofi.