Neno la Leo Kapewa Nani

Kabla hamjaisikia kwa Chichí mwenye duka, ambaye hajawahi kusimulia jambo bila kulitia chumvi, nisikilizeni mimi, maana nilikuwepo na nikaumizwa. Naitwa Nereyda, nina saluni hapa hapa Baní, Jamhuri ya Dominika, na mlango wangu unatazamana na mlango wa doña Ubaldina, yaani Bi Ubaldina kwa Kihispania chetu. Akipiga chafya, mimi ndiye wa kwanza kumwambia afya.

Doña Ubaldina ana mtoto mmoja wa kiume, Wilfrido, yuko New York. Wilfrido naye ana binti mmoja, Brianny, mwenye miaka kumi, aliyezaliwa huko huko na kulelewa kwa Kiingereza kitupu. Kumfundisha mtoto Kihispania kulimshinda baba mtu, kwa uvivu tu, wala asitafutiwe sababu nyingine. Kila Jumapili wanapiga simu ya video. Mtoto anapunga mkono, bibi anaanza kumwaga maneno, mtoto anamtazama kidogo, halafu anaondoka zake. Kinabaki kiti kitupu cha New York, na doña Ubaldina anakaa anakitazama kile kiti mpaka simu ikatwe. Mie nimeliona hilo kwa macho yangu, na kila nilipoliona nilirudi saluni nikavuta vichwa vya watu vibaya.

Sasa mtoto alikuwa aje Julai, likizo nzima. Na kulikuwa na tatizo. Brianny ana bibi mwingine, mzaa mama, anayeishi Orlando, mwenye bwawa la kuogelea na Kiingereza. Mama wa mtoto alishasema wazi kwamba binti akichoka na Baní, likizo zote za mbele zitakuwa Orlando. Doña Ubaldina hajawahi kukutana na yule mwanamke, lakini alimchukia kama watu wengine wanavyokwenda misa, kila siku na mapema.

Ndipo Wilfrido akatuma kalenda. Ilikuja ndani ya pipa la zawadi za Krismasi, katikati ya sabuni, nyama za kopo na raba ambazo hazikumtosha mtu. Kalenda nene, kila siku unachana karatasi moja, na kila karatasi ina neno moja la Kiingereza na maana yake. Akamwambia mama yake ajifunze neno moja kwa siku, Julai ikifika atakuwa anapiga soga. Alichokuwa hajakiangalia, kwa sababu Wilfrido hununua vitu kwa kutazama picha ya juu, ni kwamba kalenda ile ilitengenezwa kwa ajili ya wenye Kiingereza wenyewe, wale walioongea Kiingereza tangu tumboni na sasa wanataka kuogopwa kwenye mikutano. Humo hamkuwa na neno la maji. Hamkuwa na njoo, wala kula, wala lala. Neno la kwanza kabisa la mwaka lilikuwa la mtu anayejuta asubuhi kwa alichokunywa usiku.

Mfasiri wetu alikuwa don Eleuterio, aliyekuwa mhudumu wa hoteli ya watalii huko Punta Cana, akastaafu na koti jeupe na majivuno. Kiingereza chake kilikuwa cha taulo na barafu, lakini kamusi anayo, na sauti anayo. Alikuja kila asubuhi, akanyweshwa kahawa, akasoma maana kama padri anayesoma Injili. Alijua fika kwamba maneno yale ni ya juu mno. Hakusema, kwa sababu kahawa ya doña Ubaldina ni nzuri.

Mie nilisema. Nilimwambia mama wa watu kwamba hakuna mtoto mwenye njaa anayesema hivyo. Akaniuliza kama mimi najua Kiingereza kuliko New York. Mtu akikuuliza swali kama hilo unafanyaje? Nilirudi kwenye roli zangu za nywele.

Tabu ilikuwa kwamba maneno hayakumkaa kichwani. Akilimeza moja asubuhi, wakati wa chakula cha mchana limeshatoroka. Mpaka siku moja don Eleuterio akasoma neno la mtu asiyejua kunyamaza. Hajamaliza hata kueleza, ng'ambo ya barabara Chichí alikuwa anamsimulia mleta soda habari za figo lake, na mleta soda wa watu amebeba kreti begani, hana pa kuitua. Doña Ubaldina akamwonyesha kwa midomo, kama tunavyoonyeshana sisi hapa.

"Huyo," akasema.

Neno lile hakulisahau tena. Na ndiyo ikawa dawa. Lazima mjue kwamba mtaani kwetu hakuna anayeitwa jina la ubatizo. Kaka yake Chichí tulimwita Siagi maisha yake yote, na alipokufa gari la matangazo lilipita likitaja jina lake la kweli, nusu ya mtaa hatukwenda mazikoni kwa kutojua nani amekufa. Halafu tukamnunia mjane kwa kutotwambia. Kwa hiyo kubandikwa jina si jambo geni kwetu. Kubandikwa kwa Kiingereza ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Basi, ikawa kila asubuhi neno linatafutiwa mtu. Neno la anayesinzia sinzia lilikwenda kwa muuza gesi. Neno la mwenye uso wa msiba hata penye harusi lilikwenda kwa karani wa parokia. Watu wakaanza kukusanyika barazani kabla hata hawajapiga mswaki, kusikia neno la leo kapewa nani. Kuchungulia karatasi za mbele kulikuwa marufuku. Kalenda ililala chini ya mto wa doña Ubaldina. Fidelina wa nyumba ya pinki akaanza kuleta sancocho, ule mchuzi mzito wa nyama na mihogo, bakuli kwa bakuli, akitumaini neno zuri. Akapewa neno la mtu anayejipendekeza. Maana iliposomwa alikuwa jikoni kwake, hakuisikia, akalipenda, akataka aandikiwe kwenye keki ya siku yake ya kuzaliwa. Aliandikiwa, na keki tuliila.

Halafu likaja langu. Nilikuwa kichwani kwa mteja nikasikia kicheko barazani, kisha watu wote wananitazama. Don Eleuterio akasoma taratibu: mtu mwenye hasira za karibu, anayegombana na kila mtu pasipo sababu.

Nikaweka kitana chini. Nikavuka barabara.

"Jirani, mimi mgomvi?"

"Mimi sijasema, mwanangu. Kalenda ndiyo imesema."

Nikawaeleza wote, kwa sauti ambayo hata wa nyuma wangeisikia, kwamba katika mtaa mzima hakuna mtu mpole kama mimi, na kwamba anayebisha asogee mbele. Hakusogea mtu. Nikapiga teke kiti cha plastiki, kikaruka mpaka kwa Chichí, na Chichí akakirudisha akiwa amekishika kwa mikono miwili, kwa heshima. Nilivyorudi saluni mteja alikuwa amejifungua roli mwenyewe, akaondoka. Hilo nalo si kosa langu.

Julai ikaingia. Wilfrido akamleta mtoto, akala, akalala, akarudi kazini kwake New York. Brianny akabaki sebuleni na begi lake la zambarau, miguu haifiki sakafuni, kamkazia macho bibi yake.

Doña Ubaldina alikuwa amevaa gauni la Pasaka. Akafungua mdomo. Mie nilikuwa mlangoni, niliona kabisa anavyotafuta kichwani, amebeba kichwa kizima cha Kiingereza na hakuna hata neno moja la kumuuliza mtoto kama ana njaa. Mwisho akatoa moja, kwa matumaini. Lilikuwa lile la mtu anayejuta alichokunywa usiku. Mtoto akasogea mwisho wa kochi.

Tukamwita don Eleuterio. Akaja na koti jeupe limepigwa pasi, akainama, akamuuliza mtoto namba ya chumba chake. Halafu akamhakikishia kwamba kifungua kinywa ni mpaka saa nne, akampa taulo. Hapo ndipo umeme ulipokatika. Mtoto akalia gizani, ameshika taulo, na alipompata baba yake kwenye simu, katika yale yote aliyoyasema kuna neno moja ambalo sote tulilielewa. Orlando.

Doña Ubaldina akaingia jikoni. Nikamfuata. Hakulia, maana halii mbele za watu, alikuwa anasugua sufuria ambayo ni safi.

"Kesho Wilfrido atamkatia tiketi," akasema. "Nami nitarudi kukitazama kiti."

Nilikasirika, haki ya Mungu. Niliwakasirikia wote, Wilfrido, kalenda, mwenye hoteli aliyemfundisha Eleuterio. Sikulala vizuri. Asubuhi nikaponda ndizi, nikakaanga vitunguu, jibini na soseji, nikavuka na sahani ya mangú mkononi na hotuba kichwani. Mtoto alikuwa mezani, macho yamevimba. Nikamwekea sahani mbele, akaanza kula, angalau tumbo halikuhitaji mfasiri. Halafu nikamgeukia doña Ubaldina nikaanza.

Nikamwambia nilisema, sikusema? Nikamwambia mtu mzima anajifunza maneno ya mabalozi wakati mjukuu anataka kuambiwa kula mpenzi, lala mpenzi. Nikaichukua kalenda nikaitikisa. Nikamtukania mwanawe. Nikagonga meza, vijiko vikaruka, nikagonga tena kwa sababu ile ya kwanza haikunitosheleza. Nilikuwa nampigania mama wa watu, lakini kwa sauti hiyo hata yeye asingejua.

Doña Ubaldina akaniacha nimalize pumzi. Akamtazama mjukuu wake, akanionyesha kwa midomo, na akalisema. Neno langu. Polepole, na lafudhi ya Baní.

Mtoto akaacha kutafuna. Akasema kitu kifupi, na hata mie nisiyejua Kiingereza nilielewa anataka lirudiwe. Bibi akarudia. Mtoto akatoa simu, akaandika huku akimtazama bibi mdomoni, akasoma. Akanitazama mimi, ngumi bado iko mezani. Akasoma tena. Halafu akacheka mpaka kipande cha jibini kikamtoka.

Hakulijua, jamani. Mtoto wa New York, Kiingereza chake cha kuzaliwa nacho, na neno lile hakuwahi kulisikia.

Akafuta machozi, yale ya kicheko, akanyoosha kidole nje ya dirisha, kwa Chichí, aliyekuwa amemkamata postamasta kwa habari za figo lake. Bibi akatoa neno. Mtoto akalitafuta, akasoma, akamtazama Chichí, akapiga kelele ya furaha. Akamvuta bibi yake mkono, mangú ikaachwa nusu, wakatoka. Mtaa mzima ulipitiwa asubuhi ile, nyumba kwa nyumba, bibi kwa gauni la kulalia. Muuza gesi aliamshwa ili athibitishwe. Karani wa parokia aliambiwa asitabasamu, ataharibu maana. Fidelina alileta sancocho saa mbili asubuhi, mtoto akaanguka chini kwa kucheka, na Fidelina akajiona amependwa kuliko wote, na huenda ni kweli.

Jioni mtoto akampigia baba yake, akampima. Wilfrido hakujua hata moja. Kisha akampigia bibi wa Orlando. Tulikaa sote barazani, don Eleuterio amesogeza sikio. Mtoto akataja neno, akangoja. Akataja jingine, akangoja. Doña Ubaldina alikuwa ameshika mkono wangu, na mkono wangu una malengelenge ya pasi ya nywele, lakini nilivumilia.

"Anajua?" akanong'ona.

"Hata moja," akasema don Eleuterio.

Doña Ubaldina akafumba macho kama aliyepokea komunyo. Mimi nilimwambia aniachie mkono.

Tiketi haikukatwa. Maneno ya kula na kulala mtoto aliyapata kwa Kihispania, kwa kuwa hakuna mtu Baní anayeweza kuvumilia njaa mpaka atafsiriwe neno. Na siku ya kuondoka alitoa amri, kupitia don Eleuterio: neno lolote lisitolewe bila yeye.

Kwa hiyo siku hizi simu inalia kabla kahawa haijachemka, na siyo Jumapili tu. Doña Ubaldina anachana karatasi, anasoma mwenyewe, halafu anaigeuza simu itazame barabara, na Brianny, amevaa sare ya shule na mswaki mdomoni, anachagua. Haondoki kwenye kiti. Wakati mwingine bibi ndiye anayemwambia, haya mjukuu wangu, nenda shule.

Nasikia yule bibi wa Orlando naye amenunua kalenda, ile ile. Haimsaidii. Maneno anayo, wa kuwabandika ndio hana, maana jirani zake wote wamefunga madirisha kwa ajili ya viyoyozi na hajui hata mmoja wao ana tabia gani. Namwonea huruma, lakini si sana. Na atakayesema mimi mgomvi, asogee mbele.