Chupa Iko kwa Mgeni

Mimi nimechoka na hii ofisi, jameni. Tunasambaza maji kwa lori moja, na kompyuta ni tatu: yangu, ya Faiza, na ya Kulmiye, ambayo ndiyo inamtolea dereva wetu, Lokaale, karatasi ya vijiji vya kupelekewa maji. Seva hakuna; tunaahidiwa tangu kaunti ianze. Faili la maombi ya maji tunabebeana kwa flashi, kama majirani wanaoombana chumvi.

Wiki jana Kulmiye aliingiza ombi la kijiji cha Ngaremara. Faiza naye, bila kujua, akaleta faili lake la zamani akalibandika juu ya lile jipya. Ngaremara ikafutika. Lori likaenda kijiji cha Burat tu, na Mama Ebei, anayesimamia tangi la Ngaremara, akakaa barabarani na mitungi yake mpaka jioni. Mbuzi wake wawili walikufa kwa kiu.

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Kisha nikatoa sheria: chupa yetu ya chai, ile nyekundu, ndiyo ruhusa. Ikiwa mezani kwako, unaandika, unawapelekea wenzako flashi, halafu unapitisha chupa. Huna chupa, usiguse kitu.

"Hata moto ukiwaka!" nikasema.

Na kweli ilifanya kazi. Hakuna kilichofutika tena.

Leo asubuhi nikaitwa mkutano wa kaunti. Nikamwachia Faiza chupa na neno moja tu: Ngaremara iingie kabla lori halijatoka. Kurudi, nakuta yeye na Kulmiye wamekunja mikono, wananitazama. Uwanjani lori hakuna.

"Ngaremara imeingia?"

"Bado, madam," Faiza akasema.

"Bado? Kwa nini?"

"Chupa iko kwa mgeni."

Ngai! Nikachungulia nje. Kwenye benchi alikuwa ameketi Mama Ebei. Alikuwa ametoka Ngaremara kwa miguu kuhakikisha kijiji chake hakijasahauliwa tena, na Faiza, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, akamkaribisha chai. Na mgeni huwezi kummiminia kikombe kimoja halafu umnyang'anye chupa. Akamwekea chupa nzima kando yake.

"Si ungeandika tu, Faiza!"

"Madam, wewe ulisema hata moto ukiwaka."

"Wallahi alisema," Kulmiye akadakia. "Lokaale alikuwa anapiga honi, nikampa karatasi ilivyokuwa. Burat peke yake."

Nikampigia Lokaale simu mbio mbio. Ikalia hapo hapo, mezani kwa Kulmiye, kwenye chaji. Nilitaka kulia kwa hasira. Zamu nyingine ya Ngaremara ni wiki ijayo, na mbuzi hawajui kungoja.

Mama Ebei akaingia ameshika chupa kwa mikono miwili, akaiweka mezani kwangu taratibu.

"Chai ilikuwa tamu, mama. Mungu awabariki," akasema. "Sasa maji inakuja saa ngapi?"

Faiza akainamisha kichwa. Kulmiye akageukia dirisha. Chupa ilikuwa mezani kwangu, na ruhusa ya kuandika sasa nilikuwa nayo.