Mchanga wa Injini Namba Tisa

Saa tatu asubuhi Enoch Tansley, mjaribu magari wa kiwanda kimoja cha Coventry, aliketi juu ya sanduku la mbao lililofungwa kwenye chasisi tupu ya gari lenye injini namba tisa, akaanza kupanda kilima cha Warmington. Kwenye kona ya pili rejeta ilichemka. Ilikuwa mara ya nne juma lile.

Enoch alikuwa amekwisha kukaza mkanda wa feni, kubadilisha pampu ya maji na kurekebisha cheche. Safari hii alingoja injini ipoe, akafungua kizibo cha chini. Injini ikakohoa mara tatu, ikatema mchanga mweusi. Mchanga kidogo husalia ndani tangu injini inaposubiwa, chuma kilichoyeyushwa kinapomiminwa katika kalibu ya mchanga, na kuziba njia za maji. Kila fundi analijua hilo. Huu ulijaza ndoo mbili, ingawa ndani ya injini ile isingeenea hata nusu ndoo. Enoch aliandika “ndoo mbili” katika daftari, akaongeza maji, akapanda tena. Kufikia alasiri zilikuwa tano.

Jioni alimwita kaka yake Amos, msubuji wa kiwandani hapo, aje asikilize. Amos alipapasa ubavu wa injini, akaikuta alama ya dole gumba ambayo kila msubuji huiacha kwenye kalibu yake.

“Ya Pratley hii.”

“Pratley tulimzika Februari.”

“Kwani nimesema yu hai? Kikohozi hiki ni chake. Nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, nakijua kuliko cha mke wangu.”

Amos naye akakohoa, kwa sauti ileile.

Asubuhi Enoch alibeba ndoo moja hadi kwa Bwana Hallam, mkuu wa kiwanda.

“Huu umetoka kifuani mwa Pratley,” alisema. “Naomba madirisha ya karakana ya kusubu yafunguliwe, kabla kifua cha kaka yangu hakijajaa.”

Bwana Hallam aliusugua mchanga baina ya vidole. “Naam, ni wa Pratley. Lakini upepo huharibu kalibu, Tansley.”

“Kalibu ikiharibika hufinyangwa nyingine, bwana. Kaka nitamfinyanga wapi?”

“Gari litapanda au halitapanda?”

“Litapanda, mchanga ukipata pa kutokea.”

“Basi utengenezee njia.”

Enoch alifunga bomba lenye koki chini ya injini. Kila baada ya maili moja alilifungua, injini ikakohoa, ikatema, ikaendelea. Alhamisi gari lilifika kileleni, maji yakiwa vuguvugu. Alirudi kwa Bwana Hallam mara tatu kuuliza habari za madirisha. Mara tatu alijibiwa habari za upepo.

Mchanga ulipimwa, ukaonekana laini na mzuri. Ukaanikwa hadi ukakauka kabisa, ukarudishwa karakana ya kusubu. Amos ndiye aliyepokea ndoo ya kwanza. Aliumimina katika chekecheke, akaanza kuchekecha, kwa kuwa siku ile alitakiwa kumaliza kalibu nane kabla ya king'ora.