Mlango wa Mbele

Fundi cherehani alizaliwa akaitwa mvulana, lakini tangu utotoni alijijua ni mwanamke. Bibi yake aliyemlea ndiye aliyemshonea gauni la kwanza. "Anayevaa nguo ndiye ajuaye inapombana," bibi alisema, mambo yakaisha.

Wanaume walikuja, wengine kwa udadisi tu. Yeye hakutaka makubwa: mtu wa kupiga hodi mlango wa mbele, mchana, majirani wakisikia.

Kwa miaka miwili seremala alikuwa akipitia mlango wa nyuma. Mpole, hakuuliza maswali ya kijinga. "Vumilia, mpenzi," alisema. "Iko siku nitapita mbele." Fundi akavumilia.

Jumamosi asubuhi, hodi ikapigwa mbele. Ni yeye! Moyo ukamruka. Nyuma ya seremala akaingia mama yake.

"Habari za kazi, kaka," seremala alisema, macho sakafuni.

"Kaka gani? Huna macho wewe?" mama akamkemea. "Hujambo, binti yangu? Tunataka suti. Huyu anaoa mwezi ujao. Nilidhani nitazikwa kwanza!"

"Hongera, mama." Fundi akavuta daftari, akaandika kifua, mabega, kiuno, mkono wa kushoto unaozidi wa kulia kidogo. Akalifunga.

"Mbona hujampima?"

Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwa fundi. Seremala alipauka kama jivu. Neno moja tu, na harusi ingevunjika.

"Macho ya fundi, mama. Tukizoea, tunapima kwa kutazama."

"Pima tu, mwanangu. Nguo ya harusi haina marudio."

Akamzungushia futi kifuani, akausikia moyo wa seremala ukidunda. "Mkono huu umezidi," alisema kwa sauti, kana kwamba ndiyo kwanza anajua.

Wakati wa kuaga, mama alimshika mikono yote miwili. "Mungu akupe mume mwema kama huyu mwanangu."

"Amina, mama."

Walipotokomea njiani, alikwenda kuutia komeo mlango wa nyuma, ingawa alijua usiku ataufungua. Akarudi, akakaa kando ya bibi yake, akashika sindano na uzi. Uzi ukakosa tundu mara mbili.

Bibi, ambaye macho yake yalikwishaingia ukungu, alimpokonya sindano taratibu, akaulowesha uzi mdomoni, akajaribu kuutunga. Akajaribu tena, na tena.

Uzi haukuingia.