Gesi Imeenda Wapi?

Ngatia alipomwambia kwamba gesi ya kiyoyozi imeisha tena, Karwitha hakushangaa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu Septemba, na mbili za kwanza aliziona jambo la kawaida. Mtungi wa jikoni kwake ulikaa wiki sita, pengine saba kama hapakuwa na githeri, mahindi na maharagwe, ya kuchemsha, kisha ukaisha, akaubeba hadi dukani akabadilishiwa. Kiyoyozi nacho kilitumia gesi. Kwa nini yake isiishe?

"Hii joto ya Kutus, Mama Shiro," Ngatia alisema, "inafanya AC ikule gesi sana."

Alikuwa fundi mpole kutoka Majengo, Nyeri, mwenye gari dogo la mizigo na desturi ya kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alifunga mpira wa gesi kwenye mashine ya nje, akautikisa mtungi wake karibu na sikio, akatia gesi. Safari zilizopita mashine ilikuwa ikivuma, chumba kikapoa, naye akapokea elfu tisa na kwenda zake. Leo ilivuma dakika mbili ikakata. Akaiwasha tena. Ikakata. Aliigusa, akaondoa mkono haraka.

"Kompresa imechoka, hii inasukuma gesi," alisema. "Hiyo ni elfu sitini na tano. Ama ununue AC mpya, laki moja na kitu. Ningekuwa wewe ningenunua mpya."

"Imechoka na nini? Haijamaliza miaka mitatu."

"Vitu za siku hizi, mum. Wanatengeneza ziharibike."

Chumbani, nyuma ya pazia, Gichovi alikohoa. Karwitha akampa Ngatia elfu tisa zake, akaingia kumbadilishia mumewe taulo.

Gichovi alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda cha mchele, hadi siku tangi la mvuke lilipopasuka likamuunguza mgongo, kifua na mikono yote miwili. Ngozi ilirudi, lakini haikurudi na jasho. Daktari aliwaeleza pole pole: mahali palipoungua namna hiyo hapatoi jasho tena, na mwili usiotoa jasho hauna pa kupitishia joto. Ikifika saa nane mchana mwezi wa pili, mabati yakilia kwa jua, Gichovi alikuwa anachemka kama mwenye malaria. Pesa za fidia zilinunua kiyoyozi kimoja, cha chumba kimoja. Chumba hicho ndicho kilichomwezesha kuendelea kuishi nyumbani kwake.

Bila chumba hicho palibaki Timau tu. Karwitha alizaliwa huko, kwenye mashamba ya ngano, ambako watu huvaa sweta hata mwezi wa pili. Kaka yake Kirimi alikuwa akipiga simu kila siku: mlete shemeji, kuna nafasi. Lakini nafasi ilikuwa katika boma la mama yao, na Gichovi hakuwa mtu wa kulala kwa mama mkwe.

"Nimejenga hii nyumba na mikono hii," alisema sasa, taulo lililolowa likiwa mgongoni, macho mekundu. "Leo niende nikaamke kwa mamako, anione na kaptura? Mwambie Kirimi asante sana. Nitaivia hapa hapa."

"Usiseme hivyo, Baba Shiro."

"Kwani sijaanza kuiva? Niguse."

Akamgusa. Mkono wake ulitaka kurudi kama wa Ngatia kwenye ile mashine.

Jioni alimpigia simu Watiri. Walikuwa wamekaa dawati moja Timau, na Watiri sasa alitunza mashine za vyumba baridi katika shamba la maua huko. Karwitha alitaka kujua tu kama elfu sitini na tano ni bei ya haki.

"Ngoja kwanza," Watiri alisema. "Umesema gesi imeisha mara ngapi?"

"Tatu."

"Imeenda wapi?"

Karwitha akautazama mtungi wa jikoni.

"Nakuuliza, dada. Imeenda wapi? Hiyo si meko. Hakuna moto inachomwa pale. Gesi ya AC inazunguka tu, inaenda nje inarudi ndani, hata miaka kumi. Ikipungua, kuna mahali inatoka. Huyo fundi wako alitafuta mahali inatoka?"

"Alitia tu."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, Watiri."

Kwenye simu Watiri alisema neno moja la Kimeru ambalo hawakuruhusiwa kulisema shuleni.

Jumamosi alishuka Kutus na mkoba wa vifaa. Karwitha alikuwa amemwita Ngatia pia, bila kumwambia sababu, na Ngatia alifika akidhani kuna AC mpya ya kufunga. Alimkuta Watiri amechuchumaa nyuma ya nyumba, ameomba maji na sabuni ya vyombo, anapiga povu kwa sponji.

"Na huyu ni nani?" aliuliza.

"Mgeni wangu," Karwitha alisema. "Simama hapo."

Watiri alipaka povu kwenye nati ya bomba la shaba, pale lilipoingia kwenye mashine. Wakangoja. Povu likavimba, likatoa kipovu, kikapasuka, kikatoka kingine. Chini ya nati palikuwa na doa jeusi la mafuta lililoshika vumbi la miezi mingi.

"Hapa ndipo elfu tisa zako zilipitia," Watiri alisema. "Kazi ya asubuhi moja. Unakata bomba kidogo, unapanua mdomo upya, unapima kama inashika, ndiyo unatia gesi. Hata kama angekulipisha mara mbili, singesema kitu."

"Na kompresa?" Ngatia aliuliza. "Mimi nilisema imekufa. Pima uone kama nilidanganya."

Watiri akafungua kifuniko, akapima, akapima tena. Karwitha alimwona akikaza mdomo.

"Hakudanganya. Imeungua ndani." Aligeuka kwa Ngatia. "Hiyo kompresa inapozwa na nini, fundi?"

Ngatia akatazama viatu vyake.

"Inapozwa na gesi ile inayorudi. Ukiiacha ifanye kazi na gesi nusu, miezi mitano, inajichoma yenyewe. Unajua hiyo kitu ama hujui?"

"Wateja hawapendi bei ya kutafuta," Ngatia alisema kwa sauti ndogo. "Ukiwaambia kuna leak, gesi inatoka mahali, wanaona unawakula. Ukiwaambia gesi imeisha, wanalipa."

Karwitha alikuwa amejiandaa kusikia kwamba hakujua. Kwa siku tatu alikuwa akimtetea moyoni: labda alifundishwa vibaya, labda naye alidhani ni kama meko. Hata yeye alidhani hivyo, na hakuuliza swali hata moja. Hasira aliyokuwa nayo alikuwa ameigawa, nusu kwake mwenyewe na nusu kwa fundi. Sasa nusu yake nayo ikamhamia mtu huyu.

"Uliona hilo doa?" aliuliza.

"Mama Shiro..."

"Nakuuliza uliliona?"

"Mara ya pili. Niliona."

Hakupiga kelele. Alimshika mkono wa shati, akampitisha jikoni, akamfikisha penye pazia.

"Ingia umwambie wewe. Mimi nimechoka kumwambia vitu."

Chumbani joto lilikuwa limesimama kama mtu. Gichovi alikuwa amelala kifudifudi, makovu ya mgongo yaking'aa kwa maji ya taulo. Aligeuza kichwa. Alikuwa amesikia yote. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mzee, pole," Ngatia alianza. "Kompresa..."

"Wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Unaweza kulala kwa mama mkwe wako? Mwezi? Miezi miwili?"

Ngatia alitokwa jasho, likamtiririka usoni hadi kwenye kola, naye akalipangusa, na Gichovi akautazama mkono huo unaopangusa mpaka uliposhuka.

"Nipe shati, Karwitha," alisema hatimaye. "Ile ya mikono mirefu."

Alipokuwa akifunga vifungo, Karwitha alimpigia Kirimi, akamwambia atoe magunia katika stoo ya ngano, ile yenye mlango wake kando, mbali na nyumba ya mama. Kisha akatoka hadi kwenye gari la Ngatia. Akashusha mtungi wa gesi, akashusha saa za kupimia gesi na mipira yake, pampu, sanduku la spana, akavibeba kimoja kimoja hadi ndani.

"Hizo ni za kazi yangu, mum! Nitakula nini?"

"Utazikuta. Kwanza unampeleka mume wangu Timau, sasa hivi, na unaendesha pole pole kwa matuta. Halafu unaleta kompresa, na Watiri atakuwa hapa akikuangalia ukifunga."

"Elfu sitini na tano nitatoa wapi?"

"Ile elfu tisa mara tatu," Karwitha alisema, "ilitoka wapi?"

Gichovi alipita katikati yao na mfuko mdogo, akapanda mbele, akaketi bila kuegemea kiti. Hakuitazama nyumba. Karwitha alingoja gari lifike barabarani, kisha akafunga mlango wa chumba chenye vifaa na kuuvuta mara mbili kuona kama umeshika.