Mpangaji wa Kinyozi

"Lile figo la kwanza mlilifanyia nini, hata sasa mnatafuta jingine?"

Jirani aliuliza hivyo siku moja akianika nguo, wala hakuwa na ubaya. Mdomo wake tu ndio haukuwa na mlango. Mama alimjibu kwa upole kwamba figo la kupandikizwa huchoka, hata likitunzwa kama yai. Lakini binti yake, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa dirishani akasikia. Tangu siku hiyo akashika neno moja: kaka asiambiwe.

Kaka ndiye aliyelitoa figo lile, akampa dada yake, miaka saba nyuma. Ni kinyozi, mtu wa utani tangu kunyonya, na figo lake alilipachika jina la Mpangaji. Akipiga simu haulizi habari za nyumbani.

"Mpangaji wangu hajambo? Hasumbui majirani?"

"Ametulia, anakusalimu," dada hujibu.

Na huo ulikuwa uongo wa mwezi wa nne sasa. Mpangaji alikwisha kufa, na Mwalimu alikuwa akienda mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Mama, mjane mcha Mungu asiyependa uongo hata wa mzaha, alinyamaza, na kunyamaza huko kukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alhamisi moja muuguzi wa wagonjwa wanaosubiri figo la pili akaja na karatasi hospitalini, kwenye kitanda cha Mwalimu.

"Mama, figo likipatikana tunapiga simu, na mgonjwa awe hapa ndani ya masaa mawili. Nataka jina la mtu mwenye gari, atakayepokea simu wakati wowote. Kikao cha kupitisha majina ni leo saa nane. Bila jina hilo hawamwingizi kwenye orodha."

"Mwenye gari kwetu ni mmoja tu," mama alisema.

Mwalimu, mirija mkononi, akageukia ukutani. "Nitamtazamaje, mama? Alipasuliwa kwa ajili yangu, nami figo lake nimeliua."

"Umeliua kwa lipi? Dawa hukuruka hata siku moja, na mimi ndiye niliyekuwa nakuhesabia vidonge."

Akamfunika miguu, akachukua karatasi. Ruhusa hakuomba. Alimwomba Mungu maneno tu, hapo hapo kwenye korido, huku akitembea.

Kibanda cha kinyozi kilikuwa ng'ambo ya barabara, ndiyo maana miezi yote minne waliingilia lango la nyuma la hospitali. Alimkuta na mteja, fundi bomba, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Shikamoo mama. Leo umekuja kunyoa?"

"Marahaba baba. Nimekuja na neno, na ulisikilize mpaka mwisho."

"Nitoke?" fundi bomba akauliza.

"Utoke uende wapi na kichwa hicho?" kinyozi akamjibu.

Mama hakuzunguka. "Mpangaji wako amekufa, mwanangu. Miezi minne sasa. Mwenzio yuko kwenye mashine hapo hospitali, na tulikuficha."

Mashine ya kunyolea ikabaki ikinguruma hewani.

"Juzi nimepiga simu. Kaniambia ananisalimu."

"Najua. Nilikuwa nimekaa naye."

"Na wewe, mama?"

"Na mimi. Sina la kujitetea."

Fundi bomba akakohoa. "Miaka saba si haba, bosi. Nimefunga pampu mpya zikafa kwa miwili."

"Wewe inamisha kichwa." Lakini safari hii kinyozi hakucheka. "Mimi nilimpa, mama. Sikumwazima. Kwa nini anifiche?"

"Anaona amekupotezea. Anasema hawezi kukutazama usoni."

Mama akaiweka karatasi juu ya meza, kati ya vitana na poda, akamweleza habari ya gari, ya simu na ya saa nane. "Sikulazimishi. Ukiwa na hasira, haki yako."

Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake na namba ya simu kwa herufi kubwa kama za kibao cha dukani. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akazima mashine, akajipangusa nywele mikononi.

"Na mimi je, bosi?" fundi bomba akauliza, akishika ule upande wenye nywele.

Kinyozi akatoka, akavuka barabara kuelekea wodini, nusu akitembea, nusu akikimbia.